Mkono Mchungu

Kanyenye, Tabora
27 Januari 2025

Mwanangu Kulwa Mhoja,

Hunijui. Naitwa Zeyana binti Salmini, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nina miaka sabini na tisa na moyo ambao daktari huusikiliza amekunja uso. Habari zako nimepewa na Hilari, kondakta wa basi la Urambo. Amesema huko kuna bibi shamba mstaafu anayefufua miti, binti wa Mhoja wa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Nilimuuliza mara mbili, Mhoja yupi? Alipojibu nikajua ni wewe ninayekutafuta.

Utajiuliza kwa nini naandika barua zama hizi. Masikio yangu yamechoka. Nikipiga simu huweka sauti ya juu mpaka jirani anaitikia salamu. Katika nyumba hii siri yangu ikipita simuni, imeshafika sokoni.

Jumatano iliyopita upepo wa mvua uliangusha ukuta wetu wa jikoni. Juu ya ukuta huo kulikuwa na asumini ya zamani, ya kutambaa, shina lake nene kama kifundo cha mkono wangu. Fito zimevunjika, matawi yamelala kwenye tope, na shina limepasuka kuanzia goti langu kwenda chini. Murtadha, mtoto wa kaka yangu, ndiye mwenye nyumba sasa. Anasema, "Shangazi, hiki kilikuwa kichaka cha nyoka, Mungu katusaidia kukiangusha. Tung'oe, tuweke vigae." Nimemwomba muda. Amenipa mpaka Idi. Kama mpaka Idi haijachipua, itang'olewa.

Nifundishe la kufanya. Mikono yangu inatetemeka, lakini Ibtisam, mke wa Murtadha, ana mikono mizuri na ananisikiliza.

Nina jambo jingine la kukuambia, linalomhusu marehemu baba yako. Nataka kulisema kabla sijafa. Ila tuanze na mti, maana mti hausubiri, na mimi ni mwoga.

Zeyana binti Salmini


Urambo
1 Februari 2025

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako Hilari kanipa kwa mikono miwili kama anakabidhi posa. Nimecheka, kisha nikaisoma na kicheko kikaisha.

Kwanza, asing'oe mtu. Asumini haifi upesi kama watu wanavyodhani. Baba husema mmea wa kutambaa ni kama mgonjwa maskini, huzikwa mara nyingi kabla hajafa.

Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, tawi li hai. Ukiona kahawia, limekwisha. Anza juu, shuka polepole, na usimame pale kijani kinapoanza. Kisu kipitishwe motoni kabla ya kila tawi. Kata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea, na uchague jicho linalotazama nje. Baba husema jicho linalotazama ukuta litazaa tawi la kugombana na ukuta.

Yaliyokufa ondoa yote, usiyahurumie. Yaliyo hai usikate zaidi ya theluthi, maana mti uliojeruhiwa unahitaji majani ya kupumulia. Shina lililopasuka lisafishe tope, libane, ulifunge kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Usitumie kamba wala waya. Mpira hubana na tena hukubali shina linenepe.

Mwisho, tafuta tawi moja refu lililo hai, lilaze chini, ulifukie katikati kwa udongo na uweke jiwe juu. Shina likikataa, tawi hilo litakuwa limekwisha kushika mizizi yake. Mwenye busara haachi ukoo mzima kwenye shina moja.

Lakini Mwalimu, kuna kitu hakinikai. Mimi nimekua nikisikia kwamba baba, aliyekuwa mtunza bustani, aliondoka nyumba ya Salmini mwaka 1962 kwa sababu asumini ya ukuta wa jikoni ilikufa mkononi mwake. Je, hii ni ipi?

Kulwa Mhoja


Kanyenye
8 Februari 2025

Mwanangu Kulwa,

Marahaba. Tumefanya kama ulivyosema. Ibtisam alikata, mimi nikakaa kwenye kigoda nikikwaruza kwa ukucha na kusema "huyu hai, huyu marehemu". Murtadha alipita akauliza kama tunapogoa au tunasoma talakini. Matawi yaliyokufa yamejaza mikokoteni miwili. Kilichobaki kinatia huruma, shina limefungwa mpira kama goti la mcheza mpira, na vijiti tisa. Tawi moja tumelilaza na kulifukia. Jiwe la juu yake ni lile la kusagia viungo alilolitumia bibi yangu.

Barua yako inanirudisha mbali. Kata kwa mshazari, jicho litazame nje, ni maneno ya baba yako yaleyale. Nilikuwa nikimsikia akiyasema peke yake akiwa juu ya ngazi.

Umeniuliza hii ni ipi. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba nyanya yake aliileta kutoka Bagamoyo na msafara, kitawi kimoja kimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi, siku tisini njiani. Kila bi harusi wa nyumba hii alitoka na vikuba vya asumini hiyo kifuani na maua yake kwenye nywele. Bibi alikuwa na msemo, "Hatoki bi harusi humu bila asumini ya ukuta huu." Alikuwa akiusema kama watu wanavyosema jua hutoka mashariki.

Ni ileile, Kulwa. Ilinyauka mwaka 1962, majuma mawili kabla ya harusi. Baada ya miezi saba, mvua ziliporudi, ikachipua kwenye mzizi wa upande wa jikoni. Mkono wa baba yako haukuiua. Mtu mmoja aliimwagia maji ya moto.

Nimechoka. Nitaandika tena.

Zeyana


Urambo
15 Februari 2025

Shikamoo Mwalimu,

Kwanza nikujibu kwa mzaha, ili nisikujibu kwa hasira. Nyanya wa bibi yako hakuleta asumini kutoka Bagamoyo. Yeye aliletwa kwenye machela. Asumini ililetwa na kichwa cha Mnyamwezi, juu ya mzigo mwingine aliokuwa nao, na kila jioni kuna mtu aliyekwenda kutafuta maji ya kulowesha kitambaa. Kwenye hadithi zenu mpagazi huwa hana jina. Haya, mzaha umekwisha.

Sasa nikueleze hiyo asumini ilifanya nini huku.

Baba alifika Urambo akiwa na miaka ishirini na mitano, anajua kazi moja tu. Watu wakamwomba awapandie miembe na milimau, akakataa. Akatafuta kazi ya kuchochea moto kwenye bani, kwa sababu tumbaku iliyo ndani ya bani imekwisha kuvunwa, imekufa tayari, hawezi kuidhuru. Miaka thelathini amekaa na moto. Shamba letu alipanda mama. Mbegu baba hakuzigusa.

Mwaka 1965 tukazaliwa mapacha, mimi na Doto. Hakutubeba. Mama alimfunga mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na baba akatembea nyuma yake mikono mitupu. Majirani walimwita mvivu na mwenye maringo ya mjini. Nilipokuwa na miaka kumi nikamuuliza. Akanionyesha viganja vyake, akasema, "Huu mkono mchungu, mama. Bibi mkubwa wa Tabora aliuona. Uliuua mti uliokuwa hauna ugonjwa." Wajukuu wake pia hakuwabeba.

Kupogoa nimefundishwa na yeye, kwa mdomo. Anakaa kwenye kigoda, anaikalia mikono yake kabisa, chini ya mapaja, na kuniambia, "Hapana, shuka. Shuka tena. Hapo." Ndiyo maana nikawa bibi shamba. Nilikuwa mikono ya mtu.

Umeandika "mtu mmoja aliimwagia maji ya moto". Umefundisha sarufi miaka mingi, Mwalimu. Kila kitenzi kina mtenda. Mtu huyo ni nani?

Kulwa


Kanyenye
26 Februari 2025

Kulwa,

Keshokutwa huenda tukauona mwezi wa Ramadhani, na huu ndio wakati watu wa mji huu hutumiana radhi. Mimi nimeomba radhi za watu kila mwaka, hata kwa waliokuwa wamenikosea wao. Radhi hii moja nimekuwa nikiiruka kama mtu anayeruka shimo analolijua.

Ni mimi.

Bi harusi alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa wa kwanza katika darasa letu na nilipata nafasi ya kuendelea na masomo, barua nikaitunza ndani ya msahafu. Baba yangu akakubali niposwe na mfanyabiashara wa Ujiji, mtu mwema, mwenye duka na meno mawili ya dhahabu. Nililia, wakasema kila bi harusi hulia. Nikagoma kula, wakasema anapunguza mwili apendeze.

Nikabaki na msemo wa bibi. Hatoki bi harusi humu bila asumini ya ukuta huu. Wengine waliusikia kama mapambo ya maneno. Mimi niliusikia kama sheria. Nilikuwa mtoto wa vitabu, niliamini kila sentensi ina maana yake. Nikasema, basi asumini isipokuwepo, sitoki.

Alhamisi baba yako aliipogoa, kidogo tu, ili ichanue kwa wakati. Alikuwa akiimba. Alinitazama kutoka juu ya ngazi akasema, "Bi Mdogo, siku yako itanukia mpaka stesheni." Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini na wanawake wako uani wanachambua mchele, nikabeba birika la maji yaliyochemka. Nikarudi mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu maji yalinirukia mguu wa kushoto. Kovu ninalo mpaka leo. Mama aliniuliza, nikasema chai.

Siku ya tano majani yalikuwa kama yamekaangwa. Bibi alimwita baba yako barazani, mbele ya baba, wajomba na majirani waliokuja kutazama. Akamwambia, "Mkono wako mchungu. Umetuharibia." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilingoja abishe. Kama angebisha, nadhani ningetoka. Hakubisha. Aliitazama mikono yake, kwanza huu, kisha huu, kama mtu aliyepewa vitu vya mtu mwingine avishike. Akaweka kisu chake cha kupogolea dirishani, akaondoka.

Bibi akasema ni nuksi, harusi isogezwe mpaka upatikane mti mwingine. Watu wa Ujiji wakaona wamedharauliwa, wakaposa kwingine. Mwalimu wetu akaja kumsihi baba, na baba, kwa aibu ya kuwa na binti aliyeachwa, akakubali nirudi shule. Ndivyo nilivyosoma. Kila herufi unayoiona hapa ilitoka mikononi mwa baba yako.

Hayo nilikuwa nimejiandaa kuyasema, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kusamehewa. Yanayofuata sikuwa nimejiandaa.

Asumini ilipochipua nilikuwa likizoni. Niliiona mimi wa kwanza. Nikafurahi mpaka nikapiga makofi. Bibi akasema Mungu mkubwa, na hakuna aliyesema Mhoja aitwe. Mimi nilijua alikuwa Urambo. Nauli ya treni nilikuwa nayo. Sikwenda.

Mwaka 1974 nilikuja Urambo kusimamia mitihani. Nilipita penye kituo cha kununulia tumbaku na kumwona. Alinizidi miaka tisa. Yeye ndiye aliyeanza, akaficha mikono nyuma na kuniambia, "Shikamoo, Mwalimu."

Nami nikaitikia. Nilisema, "Marahaba, Mhoja," nikaenda zangu na mkoba wangu wa mitihani.

Maji ya moto yalikuwa ya utoto. Marahaba ile niliitoa nikiwa mtu mzima.

Kisu chake ninacho. Amekufa bila kujua, na nimebaki na wewe tu wa kumwambia.

Zeyana


Kanyenye
17 Machi 2025

Mwanangu Kulwa,

Majuma yanakaribia matatu. Kila basi la Urambo likifika, Ibtisam humuuliza Hilari, naye huonyesha mikono mitupu. Sikulaumu. Naandika ili ujue kuwa sijafa na kwamba sikudai jibu.

Daktari amenikataza kufunga. Miguu imevimba, viatu havinikubali. Asumini bado ni vijiti tisa, na sita kati yavyo sasa ni kahawia. Ukucha wangu hauoni kijani ila karibu kabisa na udongo. Murtadha ameleta sampuli za vigae amezipanga penye ukuta ulioanguka, kwa heshima.

Z.


Urambo
22 Machi 2025

Shikamoo Mwalimu,

Siku tatu za kwanza sikuweza kushika kalamu. Siku nyingine zote niliweza, ila sikutaka.

Nimekuwa nikikuandikia akilini maneno makali. Nilikuandikia juu ya mama na migongo miwili aliyohitaji. Nilikuandikia juu ya siku Doto alipougua surua, na baba akasimama mlangoni usiku na mchana, asithubutu kumgusa. Yote hayo nimeyachana kichwani. Umebaki ukweli mmoja ambao sikuusema, kwa hiyo nami nina la kuungama.

Tangu barua ya kwanza umemwita baba marehemu. Sikukusahihisha. Nilitaka kusikia mtu wa nyumba ile atasema nini akidhani mwenyewe hayupo. Lakini sikukudanganya. Soma barua zangu tena, wewe uliyefundisha Kiswahili. Nimeandika "Baba husema". Sikuandika "alisema". Nimeandika "anakaa kwenye kigoda", "anaikalia mikono yake". Nilidhani ungeona.

Baba yu hai, Mwalimu. Ana miaka themanini na minane. Macho yamefifia, masikio ni mazima kuliko yangu. Maelekezo yote niliyokupa ni yake. Nilimwambia kuna mteja wa Tabora asumini yake imeangukiwa na ukuta, sikusema mteja gani. Aliuliza maswali kama daktari. Kulaza tawi chini ni wazo lake. Asumini mnayoihangaikia imetibiwa na mkono ule ule mliouita mchungu, ila safari hii kwa mdomo.

Barua yako sijamsomea. Sitamsomea. Jina lake lilichafuliwa kwa mdomo, barazani, watu wakisikia. Lisafishwe kwa mdomo. Namba ya simu iko chini. Najua simu yako ina sauti ya juu na nyumba nzima itasikia. Na iwe hivyo.

Kuhusu vijiti, amesema kijani kikiwa karibu na udongo, kata vyote vilivyo juu yake. Vyote. Amesema watu huacha kijiti kilichokufa kwa kuona haya, na kile kijiti ndicho kinachokula nguvu ya chipukizi.

Kulwa


Kanyenye
28 Machi 2025

Kulwa,

Nimezisoma barua zako tena. "Husema." Miaka thelathini na minne nilikuwa nikiwachorea watoto mstari mwekundu kwa kosa hilo. Hakuna aliyeniambia amekufa. Nilitaka awe amekufa, ndiyo maana sikuona. Kumwomba radhi maiti ni rahisi, maiti hana uso.

Tumekata vyote, isipokuwa lile tawi tulilolifukia. Sasa kuna kisiki cha shibri moja kilichofungwa mpira. Murtadha ameuliza, "Shangazi, huku ndiko kuuokoa?"

Nitakuambia ninachokiogopa, usicheke. Katika nyumba hii mimi ndiye mtu mwema. Nikipita, watoto wanaacha kugombana. Murtadha huwaambia wageni, "Shangazi yangu alikataa kuolewa akachagua elimu," kana kwamba niliinua tu mkono darasani. Nikisema, sitabaki na muda wa kuwa mtu mwema tena. Siku zangu za kutengeneza jina jingine hazipo.

Lakini na yeye alikuwa na jina.

Siku ya Idi, saa kumi jioni, nyumba itakuwa imejaa. Kaa karibu naye. Nitaweka sauti ya juu.

Zeyana


Urambo
5 Aprili 2025

Mwalimu,

Simu ilikatika, na najua hukumsikia. Nilikusikia ukiuliza, "Amesema nini? Ibtisam, amesema nini?" mara tatu. Baba huongea chini chini. Kwa hiyo nakuandikia ilivyokuwa upande wetu.

Nilimwambia tu kwamba kuna mtu wa Tabora anataka kuzungumza naye. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono chini ya mapaja kama kawaida. Ulipoanza kwa "Shikamoo, Mhoja. Mimi ni Zeyana binti Salmini," alinyoosha shingo. Hakuitikia. Ukasema yote, kwa sauti ile ya darasani, birika la kwanza, la pili, la tatu. Tulisikia pia kelele za sahani huko kwako zikinyamaza moja baada ya nyingine, na mwanamume mmoja akisema, "Shangazi, basi, inatosha," nawe ukamjibu, "Kaa chini, Murtadha, sijamaliza."

Ulipofika kwenye mvua zilizorudi, na mzizi wa upande wa jikoni, alitoa mikono. Akaishika simu yeye mwenyewe. Akasema, "Kumbe ilichipua."

Ndilo neno ambalo hukulisikia. Kumbe ilichipua.

Baadaye akaniuliza ilichipua mwezi gani. Nikasema miezi saba baadaye. Akahesabu kwa vidole. Akauliza upande gani, nikasema wa jikoni. Akasema, "Ndiyo. Upande ule kulikuwa na mzizi mnene, niliwahi kuufukia mwenyewe." Kisha akaomba aachwe peke yake, akakaa nje mpaka kuku wakaingia bandani.

Sikuletei msamaha, Mwalimu, kwa sababu hajanipa niulete. Shikamoo yako hajaiitikia, na mimi sitamsukuma. Msamaha wangu nao bado ni mbichi. Lakini kwa miaka yangu sitini sijawahi kumwona akila mikono yake iko mezani muda wote, kabla na baada ya chakula. Nilimtazama mpaka akaniambia, "Unatazama nini, hujaona mtu akila?"

Kulwa


Kanyenye
11 Mei 2025

Dada Kulwa,

Shikamoo. Mimi ni Ibtisam. Mwalimu wetu ametutangulia Ijumaa asubuhi, tumemzika baada ya sala ya mchana. Innalillahi wainna ilaihi rajiun.

Barua yako ya mwisho nilimsomea, na kila siku alitaka nirudie pale pa "kumbe ilichipua". Alikuwa anacheka kidogo, machozi yanamtoka. Kuhusu shikamoo alisema, "Ana haki. Mimi nilimwekea deni miaka hamsini, na yeye aniwekee."

Nikueleze ya nyumbani. Baada ya ile Idi, Murtadha hakusema naye siku nne, wala kisiki hakukigusa. Siku ya tano nilimkuta amechuchumaa penye kisiki, kajifunga kanzu kiunoni. Kulikuwa na jicho limefunguka, dogo kama punje ya mtama. Alimbeba shangazi yake mikononi, mwepesi kama mtoto, akamleta aone. Vigae tumeviweka jikoni. Baraza la Kanyenye zima linajua habari za mzee Mhoja, maana Murtadha mwenyewe anawasimulia wageni, na hafichi hata birika moja.

Kwa basi la leo Hilari anakuletea vitu viwili. Kimoja ni kisu, kimefungwa kwenye kanga yake. Cha pili ni kopo la mafuta lenye lile tawi tulilolaza Februari. Limeshika mizizi. Alilikata mwenyewe kutoka kwenye kisiki Jumanne, akakataa nimsaidie. Kwenye kopo ameandika kwa kalamu ya wino: "Apande kwa mkono wake."

Ibtisam


Urambo
18 Mei 2025

Mdogo wangu Ibtisam,

Poleni kwa msiba. Mungu ampumzishe.

Kopo lilifika salama, Hilari alilipakata njia nzima, abiria wakamcheka. Nilimwambia baba kuwa Mwalimu amefariki, nikamsomea yaliyoandikwa juu ya kopo. Alichukua kisu kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akasema, "Wamekinoa vibaya." Kisha akaenda upande wa mashariki wa nyumba, penye dirisha la jikoni, akaanza kuchimba.

Nilimwambia, baba, ngoja nikushikie hata kopo. Akasema, "Umeambiwa mkono wa nani?" Doto naye akaja, tukasimama pembeni kama wageni. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipasua kopo, akalitoa tawi na udongo wake, akalishikilia kidogo kifuani kabla hajaliweka shimoni, namna mama alivyokuwa akitushika sisi. Akafukia. Akashindilia kwa viganja vyote viwili, akavipangusa kwenye suruali.

Tulidhani amemaliza. Akabaki amepiga magoti, mkono mmoja bado juu ya udongo.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, Bi Mdogo."

Kulwa Mhoja